Mshono wa Kisogoni

Maziwa yalikuwa yamekwisha kumwagika. Hilo ndilo lililomtia Siwema hofu kuliko maiti zote alizozikuta mitaani, kwa sababu maiti ina sababu yake, lakini maziwa? Aliyabandika mekoni kwa mkono wake mwenyewe, yakiwa baridi bado, akageuka kuchukua mwiko, na hapo hapo, kabla hajarudi kulala, akaitwa. Sauti ilishuka kutoka juu kama siku zote, "Siwema!", naye akaitika papo kwa papo, au hivyo ndivyo alivyodhani. Alipogeuka tena sufuria ilikuwa nyeusi kwa kuungua, majivu yamelowa, na mikono yake mwenyewe ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko. Baina ya kuitwa na kuitika palikuwa na muda ambao yeye hakuwamo. Sasa nani alikuwamo?

Usije ukautafuta mji huo kwenye ramani. Umeuweka mezani pako, unaupangusa vumbi kwa kipande cha kanga, unauita kompyuta, na unadhani umeumiliki. Walio ndani wanakujua kwa sauti tu, nao wanakuita Mwitaji. Kwao hakuna usiku wala mchana, kuna kuitwa na kutoitwa. Mtu asipoitwa hulala kitandani pake, kajifunika shuka gubigubi, hapumui, haoti, wala huwezi kusema kafa. Akiitwa jina huamka, hutamka neno lake la kwanza, kisha hufanya kazi aliyoandikiwa: huyu hufuma, yule hupanga majina, mwingine hupiga zumari. Akimaliza hurudi chini ya shuka. Neno la kwanza ndilo mlango ambao mtu huingilia ndani ya nafsi yake, na akili yake, kazi yake na mapenzi yake yote yanakaa nyuma ya mlango huo. La Siwema lilikuwa "mvua". Mvua haikupata kunyesha katika mji ule hata tone, wala yeye hakujua ni kitu gani, lakini kila alipolitamka alijiona yumo ndani mwake, kamili, na akafurahi.

Watoto nao hawakuzaliwa kwa uchungu. Mama alilala ubavuni mwa kitanda kitupu, na alipoamka kitanda hakikuwa kitupu tena: palikuwa na mwingine, sawa naye kama alivyokuwa wakati ule, kovu lilelile, neno lilelile. Siwema alimtoa wake mmoja, Tunu, kabla ya balaa, na tangu hapo Tunu hajaitwa. Alilala chumba cha ndani chini ya shuka jeupe lisilo mkunjo. Desturi ilimtaka mama wa mtoto asiyeitwa abandike maziwa kila aamkapo, kwa kuwa hakuna aijuaye saa ya Mwitaji, na ni aibu mtoto aamke mara ya kwanza akute meko baridi. Maziwa hayo yalikuwa ya Tunu. Siwema alimpenda mwanawe huyo kuliko alivyojipenda mwenyewe, na kwa watu wa mji ule hayo ni mapenzi ya ajabu, maana Tunu alikuwa yeye.

Balaa liliingia kwa mlango wa mbele na likapigiwa vigelegele. Alikuja mchezaji ngoma kutoka mji mwingine, kaletwa bure na Mwitaji mwenyewe, ambaye kila akisikia bure hupoteza macho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema watu, wakampa kitanda karibu na uwanja. Aliitwa, akacheza, akasifiwa. Alipokuwa akicheza, kitu kilishuka mgongoni mwake, kikatembea mpaka kwenye kitanda cha jirani, kikafunua shuka.

Hawakukipa jina, walikiita Mgeni tu. Hana kazi, hafumi wala haimbi. Anachokijua ni kimoja. Humgeuza aliyelala kifudifudi, humpasua kisogo, hutia mkono mpaka kooni akaling'oa lile neno la kwanza, likiwa bado na moto wake, akalificha chini ya ulimi. Kisha hujishona mgongoni mwa mwenye kitanda, uzi wa nyama, sindano ya mfupa. Siku mwenye kitanda akiitwa, anayeamka kwanza ni Mgeni. Hutoka mbio akatafuta aliyelala, akampasua, akamshonea pacha wake, akarudi. Ndipo anapomtemea mwenyeji mwangwi wa neno lake mdomoni, lenyewe akibaki nalo chini ya ulimi, naye mwenyeji hujinyoosha, hupiga miayo, na kufanya kazi yake vizuri kabisa, akidhani ndiyo kwanza kaitwa. Walikuwapo wageni wapumbavu, waliomla mwenyeji matumbo na kujijaza wao mahali pake. Hao walijulikana upesi, maana mpiga zumari aliyeliwa alipoitwa alifungua kinywa pakatoka inzi. Wa hatari ni yule anayekuacha ufanye kazi yako na kupokea sifa zako, mpaka siku aliyoipanga yeye.

Siku hiyo ilikuwa imefika. Siwema alinawa mikono yake haraka haraka, akijiambia kwamba damu ile ni ya kazi iliyopita, akachukua kisu chake na mchi wa kinu, akatoka. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mji, mtu pekee mwenye ruhusa ya kugusa shuka la mwenzake. Kazi yake ilikuwa kufunua kila kitanda, kumgeuza mtu, na kupitisha dole gumba kisogoni kutafuta mshono. Asipouona husema "mzima" akapita. Akiuona hukata.

Mtaani watu walikuwa wanachinjana. Mpanga majina alikuwa amesimama juu ya kibaraza akibadilisha majina ya watu huku anacheka, hata mama aliyemwita mwanawe aliitikiwa na maiti. Mpiga zumari mwingine, aliyekuwa mzima alipoitwa mara ya mwisho, alikuwa amejisokomeza zumari kooni na bado anapuliza. Siwema aliwaruka. Aliitwa kwa ajili ya mtu mmoja, na sheria ilimtaka amfikie huyo kwanza.

Huyo alikuwa Ngwali mfumaji. Alimkuta ameketi mbele ya kitanda chake cha kufumia, amezungukwa na vitambaa alivyovifuma maisha yake yote, amevikata vipande vipande, na katikati ya vipande hivyo mlikuwa na vidole vya jirani yake. Jirani mwenyewe alikuwa mlangoni, hana haja navyo tena. Ngwali aliinua uso akatabasamu. "Karibu, bibi mkaguzi," alisema kwa upole uleule uliomfanya apendwe mtaa mzima, kisha akamrukia na mkasi.

Siwema alimpiga mchi gotini, goti likageukia nyuma. Akampiga la pili. Ngwali alianguka, naye akamkalia mgongoni, akamshika nywele, akamsukuma uso sakafuni, na pale kisogoni mshono ulikuwapo, mnene, unapigapiga kwa damu. Akauchana. Mgeni alitoka nusu, mwekundu, hana ngozi, ana meno madogo ya mtoto mchanga. Hapa ndipo kazi ya mkaguzi ilipokuwa ngumu: kumuua Mgeni ni rahisi, lakini neno la mwenyeji limo kinywani mwake, na akifa kinywa kimefungwa, mwenyeji naye kafa. Siwema alimtia vidole tayani akazipanua kwa nguvu zake zote.

"Teme!" alimpigia kelele. "Teme neno la Ngwali!"

Mgeni alimtazama. Halafu, pasipo haraka, akameza. Ngwali alijikunja chini ya magoti ya Siwema, akatikisika, akatulia. Siwema alimkata Mgeni shingo, na hakupata faraja yoyote.

Ndipo pipa la maji lililokuwa pembeni lilipofunguka, akatoka mwanamke, amelowa chapachapa. Alikuwa Mize, mke wa Ngwali.

"Umemaliza, bibi mkaguzi?"

"Nimejitahidi, Mize. Pole sana mwenzangu."

"Pole yako kaa nayo. Na usinisogelee. Huo mkono usininyooshee."

"Lazima nikukague. Ndiyo sheria, unajua."

"Sheria imenimalizia mume, hiyo." Mize alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Nisikilize kwanza, kisha ukitaka kunichinja nichinje. Ulipopita mtaa huu mara ya mwisho, ulimfunua mume wangu, ukamgusa hapa nyuma, ukasema mzima. Mimi nilikuwa nimeitwa, nikajificha humo ndani ya pipa, naogopa kisu chako. Hukuniona. Leo nani mgonjwa? Yeye. Nani mzima? Mimi. Mpiga zumari ulimkagua?"

"Nilimkagua."

"Mpanga majina?"

"Niliwakagua wote."

"Sasa wale wa nyuma ya ghala? Wale wazee ambao hakuna anayewaita miaka nenda miaka rudi, na wewe ukasema hao waache, nani atawafuata huko? Nilipoitwa safari hii nilianzia kwao. Nimewapapasa mmoja mmoja. Hata mmoja hana mshono, bibi. Hata mmoja!"

Siwema alitaka kumpiga kofi. Hasira ilimpanda, hasira ya mtu aliyejitolea maisha yake kwa watu halafu akatukanwa. Mkono uliinuka kabisa. Ndipo alipouona huo mkono, jinsi damu ilivyokuwa imekauka chini ya kucha, damu ya zamani kuliko ya Ngwali, na akayakumbuka maziwa.

"Mganga hajigangi," Mize alisema, sauti imeshuka sasa, karibu ya huruma. "Wewe nani kakukagua?"

Hakuna aliyemkagua. Sheria haikusema lolote juu ya kisogo cha mkaguzi, kwa sababu walioiandika waliona haya kumdhania. Siwema alisimama katikati ya vitambaa, na mambo yote aliyoyaona wema yakageuka mbele yake moja baada ya moja. Mgeni akitembea kwa miguu yake hufikia kitanda kimoja, viwili, kila anapoitwa mwenyeji wake. Ingemchukua umri mzima kuumaliza mji. Alihitaji mtu mwenye ruhusa ya kuingia kila nyumba na kufunua kila shuka pasipo kuulizwa, mtu ambaye watu wenyewe wangemgeuzia kisogo kwa hiari na kumwambia asante. Kila alipofunua kitanda akasema "mzima", alikuwa anasema kweli, maana aliyelala alikuwa mzima mpaka hapo yeye alipomgusa. Kadiri balaa lilivyokua ndivyo alivyozidi kukagua, na kadiri alivyokagua ndivyo balaa lilivyokua, naye akiona fahari kwamba hapumziki. Na swali lililombana zaidi halikuwa la mji. Je, ule upendo kwa mwanawe, zile haraka za kurudi nyumbani kila kazi ilipokwisha, ile tamaa ya kufunua shuka jeupe amtazame kidogo tu, vilikuwa vya nani?

"Twende kwangu," alimwambia Mize. "Twende mbio. Mwitaji ameshaona damu. Ataniita tena, na safari hii atanitaka nikague mji mzima, kila kitanda. Na kitanda cha mwisho kwa sheria ni cha nyumbani kwangu."

"Kuna nani?"

"Mwanangu. Hajaitwa bado. Akiharibika huyo, hakuna tena Siwema mzima popote, na hakuna wa kumnakili."

Walikimbia. Njiani waliona mtu akijitafuna mkono, hawakusimama. Ndani, chumba kilinuka maziwa yaliyoungua. Siwema alichukua sufuria nyingine, akatia maziwa mapya, akayabandika, akachochea moto. Mize alimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu.

"Sasa hivi, bibi? Maziwa?"

"Asije akaamka akakuta meko baridi." Alisema hivyo na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Kisha alilala kifudifudi kwenye sakafu, mikono ameilalia chini ya tumbo ili isiende popote, akamkabidhi Mize kisu. "Nipapase."

Dole gumba la Mize lilishuka kisogoni, likasimama. "Upo," alinong'ona. Likashuka tena. "Na mwingine. Na mwingine juu yake. Bibi Siwema, wamo wangapi humu?"

"Usihesabu. Kata."

"Neno lako akilimeza?"

"Kata, Mize! Nikiitwa nikiwa hivi nitakuua wewe kwanza."

Mize alikuwa hajawahi kukata kitu kigumu kuliko uzi wa kufumia. Aliushika mpini kwa mikono miwili akaupitisha, na Siwema akapiga yowe lililotikisa kuta, kwa sababu mkaguzi alikuwa amewafanyia wengi jambo hilo na hakupata kujua linauma namna gani. Nyama ilifunguka. Wale wa juu walitoka wamekufa, wamekauka, wageni wa zamani waliokaliwa na wageni wapya. Wa chini alikuwa hai, mnono, amestarehe. Aligeuza kichwa akasema kwa sauti ya Siwema:

"Polepole, mke wa mfumaji. Unakata nini? Unajua? Mimi ndiye niliyeamka. Kila alipoitwa. Mimi kwanza, yeye baadaye. Mimi nilitoka nje, nikaona. Yeye aliambiwa. Sikuomba kuwapo. Aliyeniandika aliniandikia neno moja: ongezeka. Na ninyi mliandikiwa nini? Fuma. Panga. Kagua. Nani kati yetu aliulizwa? Mume wako alifuma miaka yote, akijua anamfumia nani? Mimi angalau najua. Najifumia mimi. Nikate. Nimo kila nyumba. Lakini huyu... huyu bila mimi nani atamfungulia mlango?"

"Teme," Mize alisema. Alimtia kidole gumba chini ya taya, kingine juu, akapanua mpaka kitu kikavunjika. Ndani, chini ya ulimi, kitu kidogo kilikuwa kinang'aa. Aliingiza vidole. Mgeni alivitafuna viwili vikakatika, na pamoja navyo akameza. Mize hakulia. Alishusha kisu mara moja, tena, tena, mpaka pakawa hapana cha kukata.

Siwema alikuwa hai bado, macho wazi. Alimwona Mize, akaiona miguu ya meko, akaliona shuka jeupe kupitia mlango wa chumba cha ndani. Alilitafuta neno lake akakuta mahali pake pana shimo. Alijua kwamba alikuwa na jina la kitu fulani kisichopatikana katika mji huu, kitu alichokipenda, na hakikuja.

Ndipo sauti ikashuka. "Siwema!"

"Siwema!"

Hakuna aliyewahi kuitwa mara mbili pasipo kuitika. Huko nje hata waliokuwa wakichinjana waliacha, wakainua vichwa. Siwema alifungua kinywa, kikabaki wazi. Mize alisikia juu huko kitu kama mtu anayepekua, anatafuta kinachofanana na alichokikosa. Kisha:

"Tunu!"

Mize alirudi nyuma akaficha mikono yake mgongoni, mzima na ule wenye damu, asije akagusa. Shuka jeupe liliondoka kutoka ndani, likasukumwa na aliyekuwa chini yake mwenyewe. Msichana aliketi. Alikuwa na uso wa Siwema kabla ya uchovu.

"Mvua," alisema.

Siwema alilisikia. Halikumrudia, lilikuwa la mwenziwe sasa, lakini alilitambua, na midomo yake ikajaribu umbo lake, ikaweza nusu. Huko mekoni maziwa yalianza kupanda. Yalifika ukingoni, yakavimba, na Tunu, ambaye alikuwa amesimama tayari, alipiga hatua akaiepua sufuria. Hakuna hata tone lililomwagika.

Alimtazama mwanamke aliyelala sakafuni. "Huyu ni mimi?"

"Mama yako," Mize alisema. "Kakuwekea maziwa."

Tunu alichota kijiko, akapuliza, akapiga magoti kwenye damu, akamnywesha mama yake kwanza. Kidogo kiliingia. Kingine kilitoka pembeni mwa mdomo, naye akakipangusa kwa ncha ya shuka lake, kisha akayafumba yale macho kwa kiganja. Akanyoosha mkono kuchukua kisu, maana kazi yake aliijua bila kufundishwa: mji mzima, kila kitanda, sauti ilikuwa inamwagiza hivyo kutoka juu.

Mize aliikanyaga ile ncha ya kisu.

"Nipe," Tunu alisema. "Naitwa."

"Na aite. Geuka kwanza."

"Mkaguzi hakaguliwi. Ndivyo ninavyojua."

"Huyo aliyelala hapo naye alijua hivyohivyo. Geuka, mwanangu."

Juu sauti iliita tena, kwa hasira sasa. Tunu alisita kidogo, akamtazama mama yake, kisha akageuka akainamisha kichwa na kuziweka nywele pembeni. Dole gumba la Mize, la ule mkono uliobaki mzima, lilishuka taratibu kisogoni, likapanda, likashuka tena. Ngozi ilikuwa laini. Mize aliondoa mguu juu ya kisu, na yeye naye akageuka, akampa Tunu kisogo chake.